Elfu Sita ya Bodaboda

Mama mdogo alinipigia simu saa mbili usiku, Jumanne moja ya mwezi Agosti. Yeye ni mtu wa kupiga alfajiri kabla hajaenda shamba, kwa hiyo nilipoona jina lake saa zile moyo ukanipiga paa. Tukasalimiana. Akaulizia watoto wote mmoja mmoja kwa majina. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mwanangu, una elfu sita?"

Nikamwuliza kuna nini. Akasema kuna mtu wake mmoja hajaonekana kliniki, huu mwezi wa pili. Anakaa ng'ambo ya mto, kule kwenye mashamba ya mbao. Kwa miguu ni nusu siku, na goti lake siku hizi halikubali. Bodaboda kwenda na kurudi ni elfu sita.

Nikatuma hapo hapo. Ujumbe wa muamala ukaingia, nikaweka simu mezani, nikaendelea kula.

Halafu chakula kikanishinda.

Huyo "mtu wake" hana undugu naye. Mama mdogo ni WAVIU Mshauri katika kijiji kimoja mkoani Njombe, miaka kumi na mitatu sasa. WAVIU ni watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Naye anaishi navyo, anameza dawa zake, na kazi yake ni kuwafuata wenzake waliokatisha za kwao. Ameniruhusu niandike haya. Jina lake na la kijiji nayaacha.

Mpaka Januari 2025, bodaboda ile ililipwa na mradi wenye fedha za Marekani. Januari 20 amri ya kusitisha misaada ikasainiwa Washington, na siku chache baadaye barua za kusimamisha kazi zikafika hadi huku kwetu. Baadaye ikatoka ruhusa ya kuendelea na huduma za kuokoa maisha, na dawa zenyewe kituoni kwao hazikukatika. Kilichokatika ni posho yake, vocha yake na nauli yake. Tangu hapo nauli imetoka kwenye maharage yake, na usiku ule ikatoka kwangu.

Wiki saba zimepita, na bado najiuliza: hivi mimi sasa ndiye mfadhili?

Sanda juu ya kabati

Mwaka 2005 nilikuwa kidato cha pili. Mama mdogo aliletwa kwetu Makambako amelala nyuma ya pikapu, amefunikwa mablanketi mawili. Alipopimwa hospitali alikuwa na kilo thelathini na nane. Siku moja nilitumwa chumbani kuleta shuka, nikapapasa juu ya kabati nikakuta kitambaa cheupe kipya, kimekunjwa vizuri, bado kina harufu ya duka.

Sikuuliza. Kwa miaka ile Njombe, mtoto wa umri wangu alikuwa anajua kitambaa cheupe kipya ni cha nini. Jumamosi zetu zilikuwa za mazishi. Kuna wiki mafundi seremala walitengeneza majeneza kuliko vitanda.

Dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini Oktoba 2004. Mama mdogo akaingia kwenye orodha. Miezi mitatu ya kwanza ilikuwa ya kutapika na kulia. Wa nne akaomba ugali. Kufikia Krismasi alikuwa anabishana na mama kuhusu chumvi kwenye mboga, na mama akatoka nje kwenda kulia peke yake kwa furaha.

Ile sanda mama aliishona mapazia ya jikoni.

Walipakodi wa Marekani, kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na UKIMWI ulioanzishwa mwaka 2003, na nchi nyingine kupitia Mfuko wa Dunia wa UKIMWI, kifua kikuu na malaria, ndio walioweka fedha nyingi kwenye dawa zile. Nasema hili mapema kwa sababu nitakayoyasema mbele yanaweza kusomwa vibaya. Kwa mtu yeyote anayetaka kunishawishi kwamba misaada haijawahi kufanya lolote la maana Afrika, mimi nina mapazia ya kumwonyesha.

Nilifurahi

Sasa niseme jambo ambalo limeniwia gumu kuliandika.

Habari ya Januari ile ilipotoka, nilifurahi. Nilikuwa ofisini, mtu akasoma kwa sauti kwenye simu yake, na kitu ndani yangu kikasema: vema, acha waondoke, tutajua sisi ni nani. Nimelelewa na baba aliyekuwa akilisoma Azimio la Arusha kama wengine wanavyosoma Zaburi, na ile sehemu inayoonya kwamba misaada na mikopo itahatarisha uhuru wetu aliijua kwa kichwa. Alipenda kusimulia jinsi mwaka 1965 Mwalimu Nyerere alivyoikatalia Ujerumani Magharibi ilipotaka kutumia misaada kutupangia urafiki na Ujerumani Mashariki, na jinsi mwaka huohuo tulivyovunja uhusiano na Uingereza kwa ajili ya Rhodesia, Zimbabwe ya leo, huku tukijua kuna mkopo tutaupoteza. Kwangu hadithi hizo zilikuwa ndiyo heshima yenyewe.

Ambacho baba hakusimulia ni kilichofuata. Miaka kumi baada ya Azimio tulikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizopokea misaada mingi zaidi. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilikusudiwa kuuza viatu Ulaya, na hakikufikia hata sehemu ndogo ya uwezo wake. Nchi za Nordiki zilitupenda kwa sababu ya maneno yetu ya kujitegemea, na mapenzi yao yakatufanya tuwategemee. Kufikia 1994 tuligombana nao kuhusu misamaha ya kodi, wakazuia fedha. Ikabidi kamati huru iliyoongozwa na Gerald Helleiner, mchumi wa Kanada, ije kutupatanisha, na ripoti yake ya 1995 ilisema waziwazi kwamba serikali haishiki usukani wa maendeleo yake yenyewe.

Halafu ikawa desturi. Mwaka 2014 wafadhili wakazuia misaada ya bajeti kwa sababu ya kashfa ya fedha za akaunti ya Escrow. Mwaka 2016 Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani likasitisha dola milioni 472 kwa sababu ya uchaguzi wa marudio Zanzibar. Kila mara tulisema tutasimama wenyewe, na kila mara nchi ilisimama kweli. Barabara zikajengwa, mishahara ikalipwa. Mimi nikachukulia kwamba huo ni ushahidi.

Sikujiuliza wakati ule ni nani aliyeanguka kimyakimya wakati nchi imesimama.

Furaha yangu ya Januari ilidumu siku nne. Siku ya tano mama mdogo aliniambia kwamba wameitwa wakaambiwa warudishe mabegi na vizibao. Akauliza kama na daftari lake nalo wanalitaka. Wakamwambia daftari abaki nalo.

Sentensi niliyoiandika mara nne

Nimefanya kazi kwenye miradi miaka tisa, afisa ufuatiliaji na tathmini. Nimepanda magari yenye namba za DFP, zile za miradi ya wafadhili. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu "waliofikiwa", na msimu wa maandiko ya miradi ukifika, nilipewa sehemu ya uendelevu kwa sababu naandika haraka.

Kila mfadhili huitaka sehemu hiyo. Anataka kujua mradi ukiisha itakuwaje. Na kila mara niliandika maneno haya, au ndugu zake: *Baada ya mradi kukamilika, halmashauri itachukua jukumu la kuendeleza huduma kupitia bajeti yake.*

Nilipekua faili zangu za zamani usiku mmoja mwezi Agosti. Sentensi ile iko kwenye maandiko manne, kwa wilaya tofauti, na miaka tofauti. Mara mbili sikubadilisha hata nukta.

Nilikuwa najua kwamba si kweli? Nimelifikiria sana hili. Nadhani sikuwa najua wala kutojua. Ilikuwa sentensi ya kupita mlango, na mlango ulipofunguka kila mtu aliisahau: mimi, bosi wangu, mfadhili aliyeisoma na kuiwekea tiki. Kulikuwa na warsha ya uzinduzi na warsha ya kufunga. Katikati yake hapakuwa na siku hata moja ambapo mtu alikaa na mweka hazina wa halmashauri akamwuliza: hii utaibeba kwa fedha ipi?

Kasma haipo

Ninaye rafiki, tulisoma wote sekondari, sasa ni afisa mipango kwenye halmashauri moja ya nyanda za juu. Nilimpigia Septemba. Nilimsimulia habari ya elfu sita, kisha nikamwuliza kwa nini halmashauri hazikuchukua watu kama mama mdogo mwezi Februari, siku mradi ulipofungwa.

Akasema, "Kasma haipo." Yaani hakuna fungu lao kwenye bajeti.

Nikamwambia si mngeifungua. Akanieleza kwa utaratibu, kama mtu aliyeeleza jambo hilo mara nyingi. Bajeti ya mwaka inaanza kupangwa miezi mingi kabla. Kuna mwongozo, kuna ukomo. Mapato ya ndani yana migawanyo yake kisheria, kuna asilimia kumi ya mikopo ya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, kuna miradi ya maendeleo, kuna madeni. Kitu kisichokuwa na mstari wake kwenye bajeti, kiutaratibu hakipo, hata kama watu mia mbili wanakitumia kila siku.

"Na kwenu," akaendelea, "mradi ulikaa miaka mingapi?"

Nikasema kumi na mitatu.

"Miaka kumi na mitatu. Kuna siku aliletwa mtu kwenye kikao cha bajeti akasema hawa wanawake wanagharimu kiasi hiki, tuanze na robo mwaka huu, mwakani nusu? Mimi niko hapa mwaka wa nane. Sijamwona. Nyie mlikuwa mnatuletea taarifa ya robo mwaka yenye picha."

Sikuwa na jibu. Alikuwa ananisema mimi.

Nimegeuza maneno yake kichwani tangu siku ile, na naona yamenihamisha mahali. Zamani nilidhani mjadala wa misaada ni kama ni mizuri au mibaya, na nilichagua upande kulingana na siku. Sasa nikikiona kitu cha mradi, najiuliza swali dogo zaidi: kina njia ya kutoka kwenye mradi kwenda kwenye kasma? Au kimejengwa kikae nje ya bajeti milele, kwa sababu nje ni rahisi, ripoti zinatoka kwa wakati, na hakuna diwani wa kubishana naye?

Kuna vilivyovuka, na tumevisahau kwa sababu vilivuka. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, wakati wa msamaha wa madeni, na MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi, ulipoanza 2002 fedha za wafadhili zilijaa humo. Leo mshahara wa mwalimu wa darasa la kwanza unatoka Hazina, na hakuna mzazi anayeuita mradi. Chanjo ziko njiani: kwa utaratibu wa Gavi, shirika la kimataifa la chanjo, serikali hulipa sehemu ya gharama, na sehemu hiyo hupanda kadiri kipato cha nchi kinavyopanda. Watoto waliokuwa wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano walikuwa 147 katika kila 1,000 kwa takwimu za mwaka 1999. Utafiti wa 2022 unasema 43. Mimi ni mtu wa takwimu, najua jinsi zinavyoweza kupambwa, lakini hii naiona kwa macho yangu. Bibi yangu alizika watoto wanne. Katika kizazi changu, ukoo mzima, tumezika mmoja.

Vyandarua, chanjo, dawa mseto, wauguzi waliosomeshwa. Fedha zao na mikono yetu. Ukijaribu kuvitenganisha utaanza kusema uongo, upande wowote utakaoanzia.

Botswana, na kilichonivuruga

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu, na jibu langu lilikuwa Botswana.

Walipopata uhuru mwaka 1966, karibu nusu ya bajeti yao ilitoka Uingereza. Ila waliweka nidhamu moja: msaada wowote upite kwenye mpango wa taifa, chini ya wizara inayoshika fedha na mipango kwa pamoja, na kabla ya kuukubali mtu apige hesabu ya gharama za kuuendesha miaka ijayo. Ikionekana hawataimudu, mradi hauingii. Mwaka 1994 wakawa nchi ya kwanza kutoka kwenye kundi la nchi maskini zaidi duniani. Programu yao ya dawa za UKIMWI ilianza 2002 na sehemu kubwa wakailipia wenyewe. Almasi zilisaidia sana, lakini kuna nchi zenye madini mengi kuliko wao na hazina la kuonyesha.

Niliandika aya hiyo nikaridhika. Kisha nikakumbuka kwamba mwezi uleule wa Agosti 2025, rais wao, Duma Boko, alitangaza hali ya dharura ya afya kwa sababu dawa zilikuwa zinakwisha. Soko la almasi lilikuwa limeporomoka.

Kwa hiyo hata kasma hufa. Inategemea kilicho nyuma yake.

Nilitaka kuifuta sehemu hii. Nimeiacha, kwa sababu ndivyo wiki hizi saba zilivyokuwa: kila nilipoweka mguu pakatitia. Bado naona tofauti. Dawa zilipopungua Botswana, rais alisimama mbele ya watu wake akaeleza, na walijua pa kupeleka hasira yao. Posho ya mama mdogo ilikatwa na mtu aliye Washington ambaye hatakuja kuomba kura Njombe. Mama mdogo hakuwa na pa kwenda kulalamika. Alinipigia mimi.

Upepo umegeuka kwa wote

Wapo wanaosubiri serikali ya Marekani ibadilike mambo yarudi. Sidhani. USAID yenyewe, shirika lao la misaada, ilifungwa rasmi Julai 1, 2025. Uingereza ilishuka kutoka asilimia 0.7 ya pato lake hadi 0.5 mwaka 2021, na mwaka 2025 ikatangaza kushuka hadi 0.3 ifikapo 2027 ili inunue silaha. Ujerumani na Ufaransa nazo zimekata. Ile 0.7 iliahidiwa Umoja wa Mataifa mwaka 1970, na mwaka 2024 waliovuka kiwango hicho walikuwa wanne tu: Norway, Luxembourg, Sweden na Denmark. Misaada yote kwa jumla ilipungua kwa zaidi ya asilimia 7 mwaka huo, kabla hata ya Januari yenyewe. Wakubwa hawa wanaogopana wao kwa wao sasa, na mtu mwenye hofu hutazama mlango wake.

Kwetu, bajeti ya 2025/26 imeweka tozo za kuchangia Mfuko wa Udhamini wa Kudhibiti UKIMWI na bima ya afya kwa wote. Nimesikia watu wakizilalamikia. Nawaelewa, maisha ni magumu. Lakini mimi nazilipa kwa moyo mweupe, na nikipata nafasi nitauliza zimefika wapi. Miaka tisa sikuwahi kumwuliza mfadhili swali hilo kwa ukali ninaousikia ndani yangu sasa, na nadhani ni kwa sababu hazikuwa zangu.

Karatasi

Nilikwenda Njombe wikiendi iliyopita. Baridi ya asubuhi bado ilikuwepo. Tulikaa jikoni, mama mdogo akalitoa daftari lake ndani ya kitenge alichokikunja mara tatu. Lina watu sitini na wanne. Hakunionyesha majina, alifunika kwa kiganja, akanionyesha safu ya tarehe tu. Yule wa ng'ambo ya mto alimkuta. Alikuwa amehamia kwa dada yake baada ya kugombana na mume, na alikuwa anaona haya kurudi kliniki. Amerudi.

"Ilibaki elfu moja," akaniambia. "Yule kijana wa bodaboda alinipunguzia. Nimeiweka kwa safari ya Alhamisi."

Mimi sikuwa nimeulizia chenji.

Nikamweleza alichosema rafiki yangu wa mipango, kwamba kama tunataka kasma lazima mtu alete hesabu kabla vikao vya bajeti havijaanza, hata kama ni karatasi moja. Nikatoa kompyuta. Akasema hapana, ataandika mwenyewe, kwa sababu akiulizwa ni yeye atakayejibu. Akachana ukurasa wa nyuma wa daftari. Safari nane kwa mwezi, elfu sita kila moja, kwa mwaka 576,000. Vocha, 60,000. Daftari mbili, 4,000. Mwavuli, 10,000. Gambuti jozi moja, 15,000. Akajumlisha kwa kidole hewani, akaandika 665,000, akapiga mistari miwili chini yake kama alivyofundishwa shule.

Nikamwuliza mbona hakuandika posho yake. Akasema hapo ameacha nafasi, wataandika wao.

Jumatatu nilimtumia rafiki yangu picha ya ile karatasi. Hakujibu mpaka jioni, nikaanza kuwa na wasiwasi. Kisha akapiga. Alitaka kujua kama gambuti ni lazima, maana mkaguzi atauliza.

Nikamwunganisha na mama mdogo kwenye simu. Akamwambia, "Baba, mvua za huku zinaanza Novemba."